Kidonge cha Mwisho Hakingoji Jumatatu

Leo usiku, kabla hujazima taa, toa boksi la dawa ya presha ulihesabu. Ndani mna karatasi mbili za foili, kila moja ina vidonge 14, na nyingi zimechapwa majina ya siku kwa ufupi, Jumatatu hadi Jumapili mara mbili, ili hata mwenye usingizi ajue kama cha leo ameshameza. Jumla ni vidonge 28. Mwezi, ukiacha Februari, una siku 30 au 31. Kwa hiyo boksi ulilolifungua tarehe mosi Januari linakwisha tarehe 28, na mwaka mzima unamaliza maboksi 13, si 12. Wewe uliyezoea kuomba dawa mwisho wa mwezi, kwa sababu mshahara nao unaingia mwisho wa mwezi, ndiyo maana kila mara unakaa siku mbili tatu mikono mitupu, halafu unailaumu famasi.

Mwongozo huu nawaandikia Waswahili wenzangu tunaoishi England, wa London na Leicester, wa Birmingham na Milton Keynes, wenye presha, sukari, pumu au matatizo ya tezi ya shingo, na wale wenye wazazi wenye hayo yote kwa mpigo. Utani utakuwamo, maana sisi kwa sisi ukituambia jambo kwa ukali tunakununia, lakini hakuna neno humu nisilolimaanisha. Dawa ipo, daktari yupo, chanjo ipo. Watu wetu wanaishia wodini kwa kuona haya kuomba na kwa kusema kesho, na hilo linaniuma.

Tuhesabu kurudi nyuma. Ukishaomba dawa, ombi lako halirukii moja kwa moja kwenye mfuko. Linaingia kwenye foleni ya kituo cha GP, daktari wako wa mtaa. Mfamasia wa pale au daktari analifungua, anaangalia mara ya mwisho ulipimwa damu lini, anaridhika, anatia saini. Cheti kinakwenda kwa kompyuta hadi famasi uliyoichagua. Famasi nao wanaangalia rafu. Kama dawa haipo wanaagiza kwa muuzaji wa jumla. Ikishafika, mtu anaihakiki, anabandika karatasi yenye jina lako na maelekezo, anaitia kwenye mfuko mweupe wa karatasi, anaupanga kwa herufi. Vituo vingi vya GP vinasema saa 48, na hapo wanahesabu siku mbili za kazi. Famasi wanaongeza zao, mara nyingi mbili au tatu. Jumamosi haimo. Jumapili haimo. Basi anza kuomba ukiwa bado na vidonge vya siku saba hadi kumi, na hapo utalala usingizi wako.

Chukua mfano wa Pasaka, maana Pasaka ndiyo inayotuumbua. Mtu ana vidonge vinne Alhamisi jioni. Anatuma ombi saa kumi na mbili, wakati kituo kinafunga saa kumi na mbili na nusu, anajisifu kwamba amewahi. Ijumaa Kuu wamefunga. Jumamosi na Jumapili wamefunga. Jumatatu ya Pasaka wamefunga. Ombi linaanza kuguswa Jumanne, cheti kinatoka Jumatano jioni au Alhamisi, na famasi nayo ina lundo la kila mtu aliyefanya hesabu kama yake. Vidonge vyake vinne vilimezwa Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Kuanzia Jumanne presha inapanda ngazi peke yake. Krismasi ni hivyo hivyo, na sikukuu za Mei ziko mbili ndani ya mwezi mmoja.

Likishatokea hilo la kuishiwa dawa, ndipo simu zinapoanza kulia nyumbani kwa yule binti wa ukoo anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto? Sasa sikiliza, ile dawa yangu ya presha imeniishia."

"Imekwisha lini, mjomba?"

"Haina siku nyingi. Tangu Ijumaa."

"Mjomba, leo Jumatano."

"Ndiyo maana nimekupigia wewe, mwanangu. Wewe si uko humo humo kwenye mambo ya hospitali?"

Binti anawaogesha wazee, anawalisha, anaandika kwenye daftari saa waliyomeza dawa. Hana ruhusa ya kumwandikia mjomba hata panadoli. Na mjomba hana haja ya kumtesa, kwa sababu njia ya dharura ipo. Apige 111, namba ya ushauri wa afya, au afungue mtandao wa 111, aseme dawa yake ya kila siku imekwisha. Watamwelekeza kwenye famasi iliyo wazi, na mfamasia, akiona kwenye kumbukumbu kwamba kweli dawa hiyo ni yake ya siku zote, anaweza kumpa ya kumvusha. Aende na boksi tupu. Boksi tupu lina jina lake, jina la dawa, nguvu yake na tarehe, na linamsaidia kuliko maelezo ya nusu saa. Dawa za usingizi na zile kali za maumivu kwa kawaida hazitolewi kwa njia hii, kwa hiyo mwenye hizo awe mwangalifu mara mbili. Asimeze viwili kwa pamoja ili kufidia alivyoruka. Na aseme kweli amekaa siku ngapi bila dawa, maana zipo dawa ambazo ukizikatiza kwa siku kadhaa hazirudiwi kwa kiwango kile kile bila kuulizwa.

Namna ya kuomba yenyewe imekuwa nyepesi. Programu ya NHS, huduma ya afya ya taifa, kwenye simu ndiyo naipenda kuliko zote. Ukiingia unaikuta orodha ya dawa zako, unatia alama kwenye unazohitaji, unatuma, kwisha habari. Unaweza kuomba saa nane za usiku umejifunika blanketi, na hakuna wa kukukunjia uso. Mama akiwa hawezi simu, omba kituo cha GP kikuunganishe umwombee kwa akaunti yako; wanayo fomu yake, na yeye ndiye anayeridhia. Asiyetaka mambo ya simu ana karatasi ya ripiti inayokuja na dawa. Itazame vizuri ile karatasi. Ina jina lako, ina kila dawa unayotumia, na pembeni ya kila jina kuna kisanduku kidogo cha kutia alama. Chini mara nyingi wameandika tarehe ambayo dawa zako zinatakiwa kupitiwa upya na daktari, na hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wetu hawaisomi kabisa. Tia alama, itumbukize kwenye kisanduku kilichopo mlangoni pa GP, nenda zako. Na ukiwa na ugonjwa uliotulia, uliza kama wanaweza kukuwekea vyeti vya mbele, hadi miezi 12, vikakusubiri famasi. Unakwenda kuchukua tu bila kuomba upya kila mara.

Kwa simu ya sauti, vituo vingi vinakataa kupokea maombi ya dawa. Usikasirike, wana sababu. Amlodipine ni dawa ya presha. Amitriptyline hutolewa kwa maumivu ya neva na kwa sonona. Zitamke haraka haraka, simu inakwaruza, nyuma mtoto analia, anayesikiliza ametokea Uskoti na wewe umetokea Tanga: mmoja wenu atakosea. Na bado hapo umejua jina. Wengi wetu tunasema "kile kidonge cheupe kidogo." Bibi, vidonge vyeupe vidogo vimejaa famasi nzima. Tena famasi hununua dawa ile ile kwa viwanda tofauti, mwezi huu kidonge cha mviringo, mwezi ujao cha yai, boksi la bluu limekuwa la kijani, nawe unadhani wamekubadilishia dawa, unaiweka droo, unakaa bila kumeza. Jifunze jina. Liandike kwenye kipande cha karatasi ukiweke pochini pamoja na nguvu yake, miligramu tano au kumi. Ukipelekwa hospitali huna fahamu, karatasi ile itakusemea.

Tukija kwa dada wa mapokezi, namwombea heshima. Anapokuuliza unaumwa nini, si umbea. Amefundishwa kukuelekeza: huyu kwa nesi, huyu kwa mfamasia, huyu kwa daktari leo leo, huyu apige 999. Ukimjibu "ni mambo binafsi," ni haki yako, lakini ukimpa neno moja, kifua, mkojo, dawa imekwisha, atakufikisha haraka. Nasi tuna namna yetu ya kuomba, tunazunguka, tunamsalimu, tunamwomba radhi kwa kumsumbua, tunamalizia kwa kusema hakuna haraka wakati haraka ipo. Kwake yeye "hakuna haraka" maana yake ni wiki ijayo. Ukiwa na haraka, sema una haraka.

Na jina lako je? Hapa ndipo wanapokwama wazee wetu. Kwenye pasipoti ana majina matatu, kwa GP wameandika la babu kama ndilo la ukoo, famasi wameandika la baba, na hospitali wameliandika kwa herufi moja pungufu. Tarehe ya kuzaliwa ni mosi Januari, kwa kuwa alipozaliwa hakuna aliyeandika na ofisi ilitaka tarehe, na mtaani wako wengine waliozaliwa mosi Januari. Kompyuta ikichanganyikiwa, inaonekana hana dawa. Dawa ya hilo ni namba ya NHS, tarakimu kumi, ipo kwenye kila barua ya hospitali na ndani ya programu. Iandike kwenye ile karatasi ya pochini. Halafu siku moja nenda mapokezi na pasipoti, omba waandike jina lako sawasawa, kisha ukaombe famasi wafanye hivyo hivyo.

Kiingereza kikikwama, omba mkalimani wa Kiswahili. Analetwa kwa simu au ana kwa ana, na hulipi. Tafadhali usimfanye mtoto wa darasa la tano awe mkalimani wa mama yake kwenye mambo ya uzazi au ya kansa. Mtoto anabeba mzigo usio wake, na mama anaficha nusu ya maradhi ili mtoto asisikie. Na kama hujajiandikisha kabisa kwa GP kwa kuogopa makaratasi, jua kwamba kujiandikisha England hakuhitaji hati ya ukaazi, wala kitambulisho, wala bili ya umeme. Wanaweza kukuomba, lakini kukosa hivyo si sababu ya kukukatalia. Kumwona GP ni bure kwa kila mtu.

Dawa ndiyo si bure kwa kila mtu, na hapa panataka utulivu kidogo.

Tangu Mei 2024 ada England ni £9.90 kwa kila aina ya dawa, si kwa kila cheti. Dawa tatu kwenye cheti kimoja ni £29.70. Wales walifuta ada hii mwaka 2007, Ireland ya Kaskazini mwaka 2010, Uskoti mwaka 2011, kwa hiyo ndugu yako wa Glasgow akikuambia hajawahi kulipa, hakudanganyi. Hii ni hadithi ya zamani ya taifa hili. NHS ilianza tarehe 5 Julai 1948 ikiwa bure yote. Aneurin Bevan, waziri aliyeianzisha, alijiuzulu mwaka 1951 serikali yake ilipoamua kutoza watu kwa meno ya bandia na miwani, na mwaka uliofuata dawa nazo zikaanza kulipiwa, shilingi moja kwa cheti. Mimi niko upande wa Bevan hadi leo. Lakini maadamu ada ipo, usilipe zaidi ya unavyotakiwa.

Mwenye dawa moja tu ya presha, boksi la vidonge 28, analipa mara 13 kwa mwaka: £128.70. Mwenye mbili, £257.40. Kumbe kuna kadi ya kulipia mapema kwa mwaka mzima, £114.50, hata uwe na dawa kumi, na unaweza kuilipa kidogo kidogo kwa mikato kumi ya benki ya £11.45. Dawa moja tu inatosha kuifanya kadi hiyo iwe nafuu. Nawajua watu wenye dawa nne wanaolipa moja moja kila mwezi, na mwezi wa shida wanachagua ipi waiache. Wanaiacha ya presha, kwa sababu presha haiumi. Naomba wewe usiwe mmoja wao. Kama kipato ni kidogo, ijaze fomu ya HC1. Wakikupa cheti cha HC2, hulipi kitu.

Waliofika miaka 60 hawalipi. Watoto chini ya miaka 16 hawalipi, wala wa 16 hadi 18 walioko shule muda wote. Mwenye kisukari anayetumia dawa halipi, na akishasamehewa kwa hilo amesamehewa dawa zake zote, hata ya macho. Mwenye presha peke yake analipa. Mwenye pumu pia analipa. Mjamzito halipi, na anaendelea kutolipa miezi 12 baada ya kujifungua. Ila hapa sikiliza kwa masikio yote mawili: kuwa na mimba hakutoshi, wala kuwa na sukari hakutoshi. Cheti cha msamaha kinatakiwa kiwe mkononi. Mwenye sukari aombe kwa GP fomu ya FP92A, isainiwe, apate cheti cha miaka mitano, na akumbuke kukihuisha. Mjamzito amwambie mkunga. Mtu akitia saini famasi kwamba amesamehewa, na ofisi ikikagua isione cheti, barua inakuja ya faini hadi £100 juu ya bei ya dawa. Wanawake wetu wengi wamelia mbele ya barua hiyo, na haki ilikuwa yao, ni karatasi tu iliyokosekana.

Wengine husema, "Mimi nilishalipia afya kwenye viza." Ni kweli, ada ile imekuwa £1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024, na ni pesa nyingi. Inakufungulia hospitali. Ada ya dawa inabaki pale pale.

Sasa lile la kugawana. Shangazi ana presha, amepewa amlodipine, imemkubali. Jirani yake msibani anasema kichwa kinamgonga. Shangazi anafungua mkoba, anampa viwili kwa moyo safi. Mwingine anaweka akiba kabatini kama mchele wa Ramadhani, miezi sita ya dawa, kwa kuwa kila mwezi anatia alama kwenye visanduku vyote "nisije nikanyimwa." Mwingine anasafiri Desemba kwenda Mombasa na begi la dawa za kumpelekea mama. Nia zote tatu ni njema na zote tatu zinaweza kuua. Dawa yako ilipimwa kwa figo zako, kwa damu yako, kwa dawa zako nyingine. Huyo mama anahitaji apimwe huko huko, na ukitaka kumsaidia mtumie pesa za vipimo. Akiba iliyozidi kabatini irudishe famasi waiteketeze. Hawawezi kumpa mtu mwingine hata kama boksi halijafunguliwa, kwa hiyo kila boksi unaloomba bila kulihitaji limepotea. Ukisafiri wewe mwenyewe, mwambie GP mapema, wiki tatu au nne kabla, uombe dawa za safari. Zibebe kwenye begi la mkononi ndani ya maboksi yake, usizimimine kwenye kopo la pipi.

Na wakikuita kupima damu, nenda. Ule ujumbe wa "unahitaji kupitiwa dawa zako" sio wa kutisha, ila ukiupuuza mara kadhaa dawa inaanza kutolewa ya wiki mbili mbili, halafu inasimama hadi uonekane. Mwenye sukari anayepanga kufunga Ramadhani aende miezi miwili kabla. Saa za kumeza zinabadilika, viwango navyo vinaweza kubadilika, na dawa nyingine hazifai kwa mtu aliyeshinda na njaa. Mfamasia anaweza kukaa nawe kuyapanga hayo bila kukutoza.

Haya, sindano.

Kila vuli, simu yako inapata ujumbe kutoka kwa GP: njoo uchanjwe homa ya mafua. Wengi wetu tunaufuta tukidhani ni matapeli. Ujumbe wa kweli unakutaka uchague siku. Ukikuomba namba ya kadi ya benki, huo ndio wa tapeli. Watu wazima huanza Oktoba, wajawazito na watoto huanza Septemba. Kirusi cha flu hujibadilisha, ndiyo maana ya mwaka jana haikufai mwaka huu: kila Februari wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana kuchagua aina zitakazowekwa kwenye chanjo ya majira ya baridi ya upande huu wa dunia, viwanda vinaanza kuitengeneza, na nyingi bado zinakuzwa ndani ya mayai ya kuku. Mwenye mzio mkali wa mayai aseme mapema; ipo isiyotumia mayai.

Bure ni kwa waliofika miaka 65, wajawazito wa mwezi wowote, wenye maradhi ya muda mrefu kama kisukari, pumu inayohitaji dawa za kuvuta za kila siku, moyo, figo, ini, na wenye selimundu, ambao kwetu ni wengi na mara nyingi wanasahauliwa. Wanaomlea mzee au mgonjwa nyumbani wamo. Wanaoishi na mtu ambaye kinga yake imedhoofishwa na matibabu wamo. Na wewe dada yangu, kaka yangu, unayefanya kazi ya kutunza wazee, muulize mwajiri. Asipokuwa na mpango wake wa kuwachanja, ndugu zetu walioajiriwa kwenye nyumba za wazee na huduma za majumbani wanaweza kuchanjwa bure kwa GP au famasi. Kila siku unamwinua bibi wa miaka 90 kitandani, pumzi yako na yake ziko pamoja. Usimpelekee.

Kuna anayesema, "Nilichomwa mwaka juzi, wiki ile ile nikaugua." Sindano ya watu wazima haina kirusi kilicho hai, haiwezi kukupa flu. Kinachotokea ni kwamba mwili unachukua siku 10 hadi 14 kujijengea kinga, na Oktoba hiyo hiyo mafua ya kawaida yamejaa kwenye mabasi na madarasa. Ulikutana nayo njiani. Mkono utauma siku moja mbili, unaweza kupata homa kidogo na uchovu. Meza paracetamol, uchezeshe mkono, upike chai ya tangawizi kama kawaida yako. Na mwingine anasema alichanjwa bado akaugua. Ni kweli hutokea, chanjo haizibi kila tundu. Lakini kati ya kulala nyumbani siku tatu na kulazwa na nimonia kwa sababu una kisukari, mimi najua ninachomtakia mama yangu.

Siku yenyewe, vituo vingi hufungua Jumamosi kwa ajili ya flu peke yake, watu wanaingia mlango mmoja wanatokea mwingine. Unaulizwa jina, tarehe, mzio, kama una homa leo, mkono upi. Sindano inaingia kwenye nyama ya juu ya mkono, chini ya bega, na kabla hujamaliza kusema bismillahi imeshatoka. Vaa nguo ambayo mkono wake unapanda. Bi mkubwa aliyevaa buibui aombe pazia au nesi wa kike, wanaelewa na wamezoea. Famasi nao wanachoma, mara nyingi bila miadi. Aliyefika miaka 75, na mjamzito wa wiki 28 na kuendelea, aulize papo hapo kuhusu chanjo ya RSV, kirusi cha njia ya hewa, iliyoanza kutolewa Septemba 2024. Ya mjamzito inamkinga mtoto miezi yake ya mwanzo.

Watoto wana habari yao. Wenye umri wa miaka miwili na mitatu wanachanjwa kwa GP, na wa shule, hadi mwaka wa 11 wa sekondari, wanachanjwa shuleni, kwa kupuliziwa puani. Dawa hiyo ya puani ina gelatini ya nguruwe. Nalisema wazi kwa sababu wazazi wetu Waislamu wengi wanalisikia mlangoni pa msikiti nusu nusu, wanaamua kukataa chanjo yote, kimya kimya. Wako wanavyuoni waliosema gelatini iliyogeuzwa hivyo inafaa kwa tiba, na wako wasioridhika nayo. Uamuzi ni wako na dini yako. Lakini ipo sindano isiyo na gelatini hiyo, na mzazi anayekataa ya puani kwa sababu hii ana haki ya kupewa sindano, shuleni au kwa GP. Unachotakiwa kufanya ni kuomba. Fomu ya shule inakuja mwanzoni mwa muhula, kwa barua pepe au kwenye begi la mtoto chini ya ganda la ndizi. Itafute, isome, andika kwamba unataka sindano, irudishe kabla ya tarehe waliyoiweka. Ukikaa kimya, siku ya chanjo mtoto wako atabaki darasani, na utalazimika kutafuta siku nyingine ya kumpeleka mwenyewe.